Albamu ya msafiri wa zamani: jinsi ya kuinakili, kuitambua na kuitunza bila kuivuruga

Maswali yanayonifikia kuhusu albamu za zamani hufanana mno. Mtu amepata albamu ya mgeni aliyezuru Uganda enzi za ukoloni. Pengine iliachwa kwenye nyumba kuukuu ya Entebbe au Jinja, pengine ilinunuliwa soko la Owino, Kampala, pamoja na vitabu chakavu. Amebandua picha zote, amezipiga kwa simu, amezituma kwa WhatsApp, ndipo anauliza: "Hapa ni wapi, na ni mwaka gani?" Wakati huo jibu limeshatupwa jalalani pamoja na kurasa.

Wengine wamezipeleka picha kwenye laminesheni. Hao siwezi kuwasaidia sana. Joto la mashine huyeyusha utando wa picha, plastiki haitoki tena, na yaliyoandikwa mgongoni yamefungiwa humo moja kwa moja.

Karibu wote wanaokwama wamekwama mahali pamoja: walianza na kubandua. Msafiri hakupanga picha zake ovyo. Alifuata njia aliyopita, akaandika maelezo kwa penseli nyeupe kwenye karatasi nyeusi, hapa akabandika tiketi ya meli, pale lebo ya hoteli. Picha isiyo na maelezo hutambulika kwa majirani zake. Ukiitoa mahali pake, unabaki na mto fulani, boti fulani na watu fulani. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili mpangilio huo usipotee, hata kama albamu yenyewe imechoka.

Vitu vya kuandaa kwanza

Usiifungue albamu mpaka vyote viwe mezani. Albamu dhaifu haiachwi wazi huku unakimbia dukani.

- Meza pana iliyotandikwa shuka safi la pamba lisilochuja rangi, na taulo mbili za kukunja.
- Simu yenye kamera ya megapikseli 12 au zaidi, pamoja na kishikio cha kuiweka juu ya ukurasa ikitazama chini. Ukikosa kishikio, ubao uliolazwa juu ya marundo mawili ya vitabu unatosha.
- Skana bapa, kama unaweza kuazima. Hii ni kwa picha zilizokwisha kulegea zenyewe. Albamu iliyoshonwa au kufungwa kwa kamba usiigandamize kwenye skana, mgongo utakatika.
- Brashi laini mpya, ya rangi za maji au ya vipodozi.
- Glavu za nitrili, zile za bluu za duka la dawa. Vaa unapogusa uso wa picha. Kwa kurasa tupu, mikono iliyooshwa ikakauka vizuri inatosha.
- Penseli laini, 2B au 4B. Kalamu ya wino isikae hata karibu na meza.
- Rula, kioo kidogo cha mkononi, kioo cha kukuzia, tochi, na taa ya zambarau ambayo wenye maduka huitumia kukagua noti bandia. Utaona kazi yake kwenye hatua ya 8.
- Karatasi nyeupe za kutenganishia kurasa. Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, ulizia isiyo na asidi. Ukiikosa, karatasi nyeupe ya fotokopi ni afadhali mara kumi kuliko gazeti.
- Kitambaa cha amerikani kilichofuliwa mara kadhaa bila kutiwa wanga, na sanduku gumu la kadibodi linaloipokea albamu ikiwa imelala.

Viondoe chumbani: seloteipu, supa gluu, maji, vitambaa vyenye unyevu, mashine ya kukaushia nywele, dawa ya mende ya kunyunyiza, na chai. Hasa chai.

Hatua ya 1: Ipumzishe, kisha uikague

Albamu iliyotoka stoo yenye unyevunyevu iache imefungwa, mezani, kwenye chumba chenye hewa na kisicho na jua, hadi ibadili harufu. Uso wa picha za zamani ni jelatini. Ikivuta unyevu huvimba na kunata, na ukiufungua ukurasa kwa nguvu wakati huo, picha ya kulia itaondoka na uso wa picha ya kushoto.

Inuse. Harufu ya udongo ni kuvu. Harufu ya siki inatoka kwenye filamu zinazooza, na mara nyingi utakuta bahasha ya negativu nyuma ya jalada. Tazama ukingo wa filamu kwa tochi: kama neno SAFETY limechapwa hapo, ni filamu ya kawaida. Kama halipo na albamu inaonekana ya kabla ya 1950, ichukulie kuwa ni filamu ya nitrati, ambayo hushika moto upesi na ni vigumu kuuzima. Iweke mbali na jiko, na kamwe usiihifadhi chini ya paa la mabati. Wako wanaosema uchome kipande kidogo ili kujua. Usifanye hivyo ndani ya nyumba, wala nje.

Ukifungua, weka taulo iliyokunjwa chini ya jalada ili liegemee. Albamu nyingi hazitaki kulala wazi kabisa. Ikigoma, ifungue kwa pembe inayokubali na uishie hapo.

Hatua ya 2: Futa vumbi, basi

Piga brashi kutoka katikati ya mgongo kuelekea nje, ukurasa mmoja mmoja. Usipulize kwa mdomo, mate yanatoka. Kuvu kavu ipigie brashi barazani ukiwa umevaa barakoa. Kuvu mbichi iache ikauke kwanza. Mavi ya mende yaliyoganda juu ya picha yaache yalivyo. Doa lililobaki ni hasara ndogo kuliko uso uliokwanguliwa.

Hatua ya 3: Ipe kila kitu namba

Andika kwa penseli, kwa herufi ndogo, kwenye kona ya chini ya kila ukurasa: 1, 2, 3 na kuendelea. Kurasa tupu nazo zihesabu. Kisha kwenye daftari lako, si kwenye albamu, zipe picha za kila ukurasa namba kuanzia juu kushoto.

Nafasi zilizoachwa nazo zina namba. Ukiona pembe nne ndogo za karatasi zimebaki bila picha, hapo palikuwa na picha. Pima nafasi hiyo kwa rula na uandike vipimo. Mara nyingi picha iliyolegea na kuangukia kwenye jalada la nyuma inalingana na nafasi fulani kwa milimita, na maelezo yake bado yapo chini yanaisubiri. Usiirudishe kwa gundi. Iweke kwenye bahasha ya karatasi yenye namba ya nafasi yake.

Umemaliza hatua hii kama mtu mwingine anaweza kuipokea albamu iliyoanguka na kutawanyika, akairudisha kama ilivyokuwa kwa kutumia daftari lako tu.

Hatua ya 4: Piga kurasa nzima kabla ya kitu kingine chochote

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Piga kila ukurasa mzima, kingo zote zikionekana, pamoja na majalada, kurasa tupu na karatasi zilizochomekwa. Hata kama kazi itakatika hapa, kwa umeme kukosekana, kwa mgonjwa nyumbani au kwa mwenye albamu kubadili nia, tayari umeokoa sehemu kubwa.

Kwa mwanga, sisi tulio karibu na ikweta jua hutupiga utosini muda mwingi wa mchana, kwa hiyo dirisha si rafiki wa kutegemea kila saa. Mahali pazuri ni baraza lenye kivuli, asubuhi yenye mawingu. Ukifanya kazi ndani, tumia taa mbili zinazofanana, moja kila upande, zikiinamia ukurasa kwa nyuzi 45. Taa ya dari izime, na mwako wa kamera uzime kabisa.

Picha za zamani zenye kung'aa hurudisha sura ya simu yako kama kioo. Tundika kitambaa cheusi nyuma ya simu, toboa tundu la lenzi, mng'ao utaisha.

Simu lazima iwe sambamba na ukurasa. Laza kioo kidogo katikati ya ukurasa, juu ya karatasi safi na si juu ya picha, kisha sogeza simu mpaka lenzi ijione katikati ya kioo kile. Ikijiona katikati, imenyooka. Ondoa kioo, weka rula kando ya ukurasa, na upige kwa kutumia kichelewesho cha sekunde chache ili kidole kisitikise. Zima urembo wa sura, zima vichujio, zima chochote kinachodai kuboresha.

Usihofu ubora. Ukurasa wa sentimita 25 kwa 32 ukijaza picha ya megapikseli 12 unakupa takriban nukta 300 kwa inchi, inayotosha kuuchapa upya kwa ukubwa wake halisi.

Kabla hujaifunga albamu, fungua picha chache kwenye kompyuta na uzikuze. Kama husomi maelezo ya penseli, rudia sasa, si wiki ijayo.

Hatua ya 5: Piga picha moja moja

Sasa rudi mwanzo upige kila picha peke yake ikiwa bado imekaa mahali pake. Picha nyingi za miaka ya 1920 hadi 1950 ni ndogo, kama sentimita 6 kwa 9, kwa sababu zilichapwa moja kwa moja kutoka kwenye negativu bila kukuzwa. Udogo huo una faida: negativu ilikuwa kubwa, hivyo ndani ya picha mna mambo mengi kuliko jicho linavyoona. Kwa skana, tumia nukta 600 kwa inchi. Picha ya 6 kwa 9 itatoka na pikseli karibu 1,400 kwa 2,100. Kwa simu, sogea mpaka picha ijaze fremu bila kupoteza ukali.

Kama picha imeshikwa na pembe za karatasi tu na inatoka bila kusukumwa, itoe, piga mgongo, irudishe hapohapo. Mgongoni ndiko kuliko na mhuri wa studio, chapa ya kiwanda cha karatasi, na wakati mwingine jina la mtu ambalo msafiri hakuona haja ya kuliandika mbele.

Hatua ya 6: Kubandua kwa dharura tu

Picha iliyopakwa gundi mgongo mzima iache. Hakuna utakachopata nyuma yake kinachozidi utakachopoteza.

Ziko hali mbili zinazoruhusu kubandua. Ya kwanza ni albamu za miaka ya 1970 zenye kurasa za kunata zilizofunikwa plastiki. Gundi ile hugeuka njano na kula picha. Pitisha uzi wa kusafishia meno usio na nta chini ya picha, ukiuvuta taratibu mlalo kama unayekata mkate wa sabuni, bila kuinua picha juu. Ya pili ni ukurasa unaovunjika vipande huku picha ikiwa nzima. Hapo kata ukurasa kuizunguka picha, picha ibaki na kipande chake cha karatasi nyuma.

Ukisikia mlio wa kuchanika au ukaona ufa mweupe unakimbia kwenye uso wa picha, simama. Usijaribu upande mwingine.

Hatua ya 7: Ifuate njia ya msafiri

Hapa ndipo wengi hurukia kuuliza watu picha moja moja. Anza na njia. Wageni wa zamani hawakuzurura watakavyo. Walikwenda reli na meli zilikowapeleka.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mgeni wa Uganda alishuka Kisumu, akapanda meli kuvuka Ziwa Victoria hadi Entebbe, Port Bell au Jinja. Treni ilivuka daraja la Nile pale Jinja na kuingia Kampala mwaka 1931. Kwa hiyo albamu inayoruka kutoka gati ya Kisumu hadi gati ya Port Bell inafuata njia ya zamani, na inayoonyesha daraja la Jinja kutoka dirisha la behewa ni ya 1931 au baadaye.

Kutoka Jinja kulikuwa na safari maarufu ya kuelekea kaskazini: reli fupi hadi Namasagali, iliyofunguliwa 1912, meli kuvuka Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, gari kupitia Masindi na kushuka hadi Butiaba, meli nyingine kwenye Ziwa Albert, mara nyingi na mchepuko wa kuyaona Maporomoko ya Murchison, kisha Nile hadi Nimule, na barabara tena kuelekea Rejaf au Juba, ambako meli za Sudan zilisubiri. Ukiijua njia hii, kurasa kumi za mafunjo, viboko na vibarua wanaopakia kuni hupata mpangilio. Mafunjo pande zote na maji yaliyotulia, baada ya picha ya treni ndogo: hapo tafuta Kyoga kwanza. Ukingo mrefu wa milima ng'ambo ya ziwa pana: fikiria Albert, na milima ile ni ya Kongo.

Chora njia kwenye ramani ya karatasi kwa penseli. Andika namba za kurasa pembeni ya kila kituo. Sehemu ambazo huna uhakika zizungushie duara usonge mbele.

Angalizo: baadhi ya wasafiri walinunua postikadi na picha za studio wakazichanganya na zao. Picha iliyo kali kupita kiasi, yenye maandishi meupe yaliyochapwa kwenye kona, inaweza kuwa ya miaka mingi kabla ya safari yenyewe. Usiipe tarehe ya safari.

Hatua ya 8: Utafute mwaka

Mwaka mmoja kamili mara nyingi haupatikani. Unachotafuta ni mipaka miwili: haiwezi kuwa kabla ya hapa, haiwezi kuwa baada ya pale. Mipaka ikikaribiana umeshinda.

Alama zinazofaa zaidi kwa Uganda ni hizi.

Maporomoko ya Ripon, pale Nile inapotoka ziwani Jinja, yalifunikwa na maji ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa rasmi na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954. Kila picha ya maporomoko yale yakibubujika ni ya kabla ya bwawa.

Kanisa kuu la Namirembe, Kampala, lenye kuba la sasa lilikamilika 1919. Lililotangulia, lenye paa la nyasi na vilele vya ncha, lilipigwa radi na kuungua 1910. Ukiona vilele hivyo, una albamu ya zamani kweli. Kanisa kuu la Rubaga na minara yake miwili lilizinduliwa mwishoni mwa 1925. Hekalu la Wabahai kule Kikaya lilifunguliwa 1961.

Maporomoko ya Murchison yalikuwa na mlango mmoja mpaka mafuriko ya 1962 yalipofungua mkondo wa pili, unaoitwa Uhuru. Picha iliyopigwa kwa mbali ikionyesha mikondo miwili ni ya 1962 au baadaye. Kinyume chake si hakika sana, maana pembe fulani huficha mkondo wa pili. Miaka hiyohiyo maji ya Ziwa Albert yalipanda na kuimaliza bandari ya Butiaba, kwa hiyo Butiaba yenye shughuli na makreni ni ya kabla.

Majina husema pia. Mbuga ya Kazinga iliundwa 1952 na kupewa jina la Queen Elizabeth 1954. Kibao chenye jina la kwanza kinakupa miaka miwili tu. Anayeandika "Kabalega Falls" au "Lake Mobutu" anaandika katika miaka ya Amin. "Belgian Congo" ni kabla ya katikati ya 1960.

Ndege zinazoelea majini zilitua Port Bell miaka ya 1930 na 1940. Treni zenye herufi za K.U.R., yaani Reli ya Kenya na Uganda, ni za kabla ya 1948, mwaka ambao reli za Afrika Mashariki ziliunganishwa na herufi zikawa E.A.R.; ongeza mwaka mmoja au miwili kwa sababu rangi haikubadilishwa siku moja.

Tuuchukue ukurasa wa mfano, aina ninayoiona mara nyingi. Una picha nne za 6 kwa 9. Ya kwanza ni maporomoko mapana, imeandikwa "Jinja" tu. Ya pili ni injini ya treni, na ukiweka kioo cha kukuzia unasoma K.U.R. ubavuni. Ya tatu ni wanaume wawili wameinua samaki anayekaribia kimo cha mtoto. Ya nne haina maandishi: gari limekwama matopeni, na usukani uko kushoto.

Maporomoko yanasema kabla ya 1954. Injini inaushusha mpaka huo wa juu hadi karibu 1948. Samaki yule mkubwa ni sangara, ambaye watu wa Kampala humwita mputa. Leo tunamfikiria kuwa wa Victoria, lakini huko alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950. Kabla ya hapo alikuwa wa Albert na Nile iliyo chini ya Murchison. Basi picha ya tatu si ya Jinja, ingawa imekaa ukurasa mmoja na Jinja. Msafiri ameshafika kaskazini.

Gari je? Uganda tunaendesha kushoto, usukani huwa kulia. Usukani wa kushoto unaashiria gari la Kongo au Ruanda, ama picha iliyochapwa kinyume. Tafuta kitu chenye upande wake: herufi kwenye namba ya gari, vifungo vya shati, saa ya mkononi. Herufi zikisomeka sawa, picha haikugeuzwa, na huenda safari ilivuka mpaka. Herufi zikiwa kinyume, igeuze kwenye kompyuta, andika umefanya hivyo, na gari limerudi Uganda.

Baada ya yaliyomo, kagua karatasi yenyewe. Zima taa, washa ile ya kukagua noti, mulika ukingo mweupe wa picha kwa sekunde chache huku karatasi mpya ya fotokopi ikiwa kando ya kulinganishia. Karatasi mpya itawaka buluu. Viwanda vilianza kutia kemikali hiyo ya kung'arisha kwenye karatasi za picha miaka ya 1950, kwa hiyo picha inayowaka ilichapwa wakati huo au baadaye. Isiyowaka haithibitishi uzee, kwa kuwa si karatasi zote zilizotiwa. Kumbuka pia kwamba mwaka wa kupiga na mwaka wa kuchapa ni vitu viwili. Mjukuu anaweza kuchapa upya negativu ya babu yake.

Kingo zilizokatwa kama meno madogo zilipendwa miaka ya 1930 hadi 1950. Picha za mraba za 6 kwa 6 zinatoka kwenye kamera za aina ya Rolleiflex, iliyoanza kuuzwa 1929.

Hatua ya 9: Waulize wazee, lakini nyamaza

Chapa picha unazozitilia shaka kwa ukubwa wa A4. Usimpe mzee simu. Atakuwa anapambana na kioo badala ya kutazama picha. Wanubi wa Bombo, familia za Kibuli, wafanyakazi wa zamani wa reli na meli, walimu wastaafu wa Masindi na Jinja: hao wataona mambo usiyoyaona, kama mtindo wa busuuti, vazi la wanawake wa Kiganda, aina ya ng'ombe, namna paa lilivyoezekwa.

Salimia vizuri, kaa, mpe karatasi, kisha usiseme lolote. Ukiuliza "Jjajja (babu au bibi), hapa si Masindi?" atakujibu ndiyo kwa heshima tu. Uliza "Unaona nini?" Omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti. Jibu la mtu mmoja liandike kuwa ni kauli yake. Likirudiwa na wa pili asiyemjua wa kwanza, lipandishe daraja.

Maelezo ya msafiri yenyewe yatakuudhi mahali fulani. Wengi wao waliandika jina la mbwa wao na la dereva Mzungu, wakawaita wabeba mizigo ishirini "boys". Usifute, usipake rangi. Nakili maneno yake kama yalivyo kwenye safu yake, kisha kwenye safu nyingine weka majina na maelezo uliyopewa na wenyeji. Jina la faili lisibebe tusi lake. Na ukipata familia ya mtu aliye pichani, waonyeshe wao kabla hujaiweka mtandaoni.

Hatua ya 10: Majina ya mafaili na jedwali

Tumia mpangilio mmoja usiobadilika: albamu01_uk012_p03_mbele, albamu01_uk012_p03_nyuma. Usiandike "Murchison nzuri 2 mwisho kabisa".

Jedwali liwe na safu hizi: namba ya ukurasa, namba ya picha, maneno ya msafiri neno kwa neno, mahali, mpaka wa chini wa mwaka, mpaka wa juu, sababu, nani kasema. Safu ya sababu ndiyo inayotofautisha utambuzi na kubahatisha. "Kabla ya 1954, maporomoko ya Ripon yanaonekana" inaweza kukaguliwa na mtu mwingine. "Kama 1940 hivi" haiwezi.

Mafaili ya asili usiyaguse. Ukitaka kung'arisha au kukata kingo, fanya kwenye nakala. Programu za kutia rangi na kurekebisha sura kwa akili bandia hubuni pua na macho ambayo hayakuwapo; uso wa babu wa mtu si mahali pa kubuni. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, si kama picha, la sivyo itabanwa na maandishi madogo yatapotea. Weka nakala kwenye kompyuta, kwenye diski au flashi, na ya tatu nje ya nyumba hiyo, kwa ndugu au kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Hatua ya 11: Albamu yenyewe

Weka karatasi nyeupe kati ya kurasa zinazotazamana, lakini si zote kama mgongo unaanza kuvimba; hapo chagua zile ambazo picha zinagusana. Ifunge kwa amerikani, ilaze kwenye sanduku, andika juu kwa penseli.

Sanduku likae kabatini chumba cha ndani, juu ya rafu, likiwa limeachana na ukuta wa nje. Si sakafuni, mchwa hupita. Si darini, mabati hupika mchana na kupoa usiku, na hali hiyo huvunja jelatini. Si karibu na jiko. Usitie vidonge vya nondo ndani ya sanduku. Vipakiti vya silika jeli husaidia, ila vikishashiba unyevu ni mapambo tu, hivyo vibadilishe au uvikaushe.

Kagua mwanzoni mwa mvua za Machi na tena Septemba. Unachotafuta ni harufu, vumbi jipya la karatasi iliyotafunwa, na picha zinazoanza kujikunja. Albamu ikilowa na huwezi kuishughulikia ndani ya siku mbili, ifunge kwenye mfuko wa plastiki na uiweke kwenye friza. Baridi inasimamisha kuvu, unapata muda.

Kama huwezi kuitunza, Jumba la Makumbusho la Uganda pale Kitante na maktaba ya Makerere ni mahali pa kuanza kuuliza. Nenda na jedwali na kurasa chache zilizochapwa, albamu ibaki nyumbani mpaka mkubaliane kwa maandishi: nani anamiliki, nani anaruhusiwa kunakili, na wewe unabaki na nini. Wanunuzi pia watakuja. Mnunuzi akikuuliza bei ya ukurasa mmoja badala ya albamu nzima, anakusudia kuikata auze vipande, na bei yoyote atakayokutajia ni ndogo kuliko atakayoipata yeye.